Nguruwe wa Saa Sita Mchana

Coleta alikuwa anapepeta ulezi uani. Shemeji yake, Eustaki, aliingia bila kupiga hodi.

"Shemeji, kaka yupo?"

"Yupo shambani. Karibu kiti."

"Sikai. Nipe lile gobole, bunduki ya marehemu baba. Nguruwe wananimalizia mahindi."

Coleta aliweka ungo chini. Nguruwe pori hushuka mlimani usiku. Mchana hulala vichakani. Pale kijijini Ilemba kila mtu anajua hilo. Tena asubuhi ile alikuwa amesikia kisimani kwamba Calvin, jirani wa Eustaki, amelima matuta matatu ndani ya shamba la Eustaki.

"Nguruwe gani wa saa sita mchana, shemeji?"

Eustaki alisogea kuelekea mlango wa jiko. Coleta aliogopa sana, lakini hakuinuka.

"Gobole ni la kaka yako. Msubiri mwenyewe."

Eustaki alisonya. "Nitarudi jioni," alisema, akaondoka.

Mume wake, Wilibrodi, aliporudi, Coleta alimweleza yote. Gobole lilikuwa darini, juu ya jiko, ndani ya gunia. Mzee Felisian, baba yao, alikuwa amefariki miaka miwili iliyopita.

"Tulipeleke polisi kabla hajarudi," Coleta alisema.

"Kwa nini? Kibali kipo. Tumerithi shamba, tumerithi shoka, tumerithi na gobole."

Wilibrodi alikipenda sana kile kibali. Alikitunza pamoja na cheti chake cha ubatizo. Coleta hakubishana naye. Alikwenda kumwita Bertilla, mtendaji wa kijiji.

Bertilla alikisoma kibali polepole.

"Jina hili ni la nani?"

"La baba."

"Na baba yuko wapi?"

"Tulimzika, mama. Si ulikuwepo?"

"Basi na kibali chake kilikwisha siku ile. Kibali cha silaha hakirithiwi. Mwenye silaha akifa, familia inaipeleka polisi. Anayeitaka anaomba kwa jina lake mwenyewe."

Wilibrodi alishika kichwa. "Miaka miwili! Si nitafungwa?"

"Ungekamatwa nalo ingekuwa kesi. Lakini umesikia tangazo. Huu ni muda wa kusalimisha silaha kwa hiari. Ukilitoa mwenyewe kabla ya mwisho wa mwezi, hushtakiwi."

Hofu ya Wilibrodi ilipungua kidogo, hasira ikachukua nafasi yake.

"Sheria hizi zinatubana sisi wakulima tu. Jambazi haombi kibali. Na nguruwe hawasikilizi matangazo."

Bertilla alicheka. "Kweli, jambazi haombi. Lakini anaweza kuiba silaha darini kwako. Sheria haikukatazi kuomba. Inataka kujua nani ana silaha, anaiweka wapi, na kama ana ugomvi na mtu. Wewe ungempa ndugu yako leo?"

Wilibrodi alitazama chini. "Hapana. Leo hapana."

"Basi usiliguse. Lisije likawa na baruti."

"Halina. Baba alikuwa mwangalifu."

Bertilla alipiga simu kituoni. Askari wawili walikuja kwa pikipiki. Mmoja alilishusha gobole taratibu, akalichunguza.

"Limeshindiliwa," alisema. "Lina baruti na vipande vya chuma."

Coleta alitazama dari, kisha mafiga yake. Alikuwa amepika pale kila siku kwa miaka miwili. Wilibrodi alikaa chini.

Askari walimpa hati ya kupokea silaha, wakaondoka nalo.

Jioni Eustaki alirudi kama alivyoahidi. Alipoambiwa gobole limekwenda polisi, alifoka mpaka majirani wakatoka nje. Kisha alichoka, akakaa kwenye kile kiti alichokikataa mchana. Bertilla alikuwa bado yupo.

"Habari ya matuta tuipeleke kwenye baraza la ardhi," alimwambia. "Kesho tutapima."

Walipima. Calvin alikuwa amevuka mpaka kwa matuta mawili. La tatu lilikuwa lake. Aliyarudisha mawili, akaomba radhi kwa sauti ndogo.

Nguruwe nao hawakukoma. Bertilla alimwarifu afisa wanyamapori, na wakulima wakaanza kulinda kwa zamu, wawili wawili, kwa moto na madebe. Mwaka ule walivuna vizuri kuliko mwaka uliotangulia. Bertilla ndiye aliyepanga zamu. Alimpanga Eustaki pamoja na Calvin, kwa makusudi kabisa.

Jioni moja kabla ya mavuno, Eustaki alipita kwa Coleta.

"Shemeji, siku ile sikuwa nafuata nguruwe."

"Najua."

"Ungenipa, ningekwenda kwa Calvin moja kwa moja."

Coleta alitaka kujibu, lakini sauti ilisikika kutoka njiani.

"Eustaki! Njoo bwana, giza linaingia!"

Alikuwa Calvin. Eustaki alichukua debe lake, akatoka kumfuata.