Jeneza la Njia ya Mvumi

"Kware, Kware, hapa Kichuguu. Mzigo umeacha lami."

Yoramu Ndahani alikanyaga breki karibu na Mvumi. Hilux ikaserereka vumbini na kusimama.

"Rudia, Kichuguu."

"Fuso ya bluu imekimbia foleni ya ujenzi pale Chamwino. Imegeuza, imeingia njia za kusini. Tumeipoteza."

Nani asiyeikimbia foleni ile? Greda zimelala katikati ya barabara, malori yamezima injini, na mabasi yanapiga honi kana kwamba honi ndizo zitakazomwaga lami.

"Njia za kusini ni nyingi," ilisema redio. Aliyekuwa akizungumza ni Mzee Silvano, mkuu wa operesheni, akiwa Dodoma. "Droni yangu ni moja. Niipeleke wapi?"

"Mvumi, Handali, Igandu. Halafu itatokea Mpwapwa na kupanda Kongwa."

"Hiyo si ndiyo ndefu kuliko zote?"

"Ndiyo nzuri kuliko zote, mzee. Na dereva ni Imran."

Hata Silvano alimjua Imran.

Imran Kamrudin alizaliwa Dodoma mjini, baba yake akiuza vipuri. Miaka mingi aliendesha magari ya idara na kuwafundisha majasusi vijana udereva. Yoramu alikuwa mwanafunzi wake. Lami ikifungwa, alikuwa akiwaambia, usikimbilie njia ya mkato, maana kila mwenye haraka ameshaifikiria. Shika njia yenye milima. Ukichelewa, angalau macho yameshiba. Kisha alisimamisha gari juu ya kilima, akamimina chai kutoka kwenye chupa, na kuwaonyesha mawe na mabonde kama mtu anayeonyesha shamba lake.

Jambo jingine kumhusu, ambalo Yoramu alilijua vizuri zaidi, ni kwamba Imran hakupita msiba. Awe na haraka ya namna gani, akikutana na jeneza njiani alishuka, akatia bega. Marehemu awe Mwislamu, Mkristo au mtu wa mizimu, kwake ilikuwa mamoja. Siku baba yake Yoramu alipozikwa, Imran alibeba upande wa kichwa na kofia yake ya kufuma, katikati ya Waanglikana, na hakukubali kupokewa hadi kaburini.

Sasa Imran alikuwa amestaafu. Mgeni mmoja aliyejiita Lorenz alimkodi apeleke magunia ya dawa ya kuhifadhi mahindi soko la Kibaigwa, mbele ya Kongwa. Imran aliamini ni dawa. Ilikuwa sumu. Ingechanganywa na mahindi, watu wangekufa, nchi jirani zingefunga mipaka, na waliomtuma Lorenz wangeuza mahindi yao kwa bei waitakayo.

Lorenz mwenyewe aliketi kando ya dereva na bastola ndani ya koti. Simu ya Imran alikuwa nayo yeye.

"Nina walenga shabaha Kongwa," alisema Silvano. "Wakiliona gari, wataanza na dereva."

"Dereva hana kosa, mzee."

"Najua. Lakini ile sumu haijui."

"Nipe nafasi kabla ya Kongwa."

"Ukiweka kizuizi, mgeni atammaliza."

"Siweki kizuizi," alisema Yoramu. "Naweka msiba."

Redio ilikoroma kidogo.

"Mungu atusamehe," alisema Silvano. "Fanya."

Mvumi kuna hospitali, na nje ya hospitali hukosi fundi wa majeneza. Hapo walipata jeneza moja la mbao nyepesi, bado linanukia maranda. Miriam, jasusi mwenzake Yoramu kwenye Hilux, alijitanda khanga. Wenzao wanne wakavua miwani na saa. Mbele ya Handali, pale barabara inapobanwa na mawe, Yoramu aliingia ndani ya jeneza na bastola yake ya Glock kifuani. Kifuniko kikarudishwa, kikaegeshwa bila misumari.

Wakaanza kuimba. Wakalibeba.

Mpango ulikuwa mzuri, ila mwenye mpango alikuwa amekaa mjini mno. Yoramu ni Mgogo wa huko huko, na bado alisahau. Mtu wa Handali akisikia kilio haulizi kwanza nani amekufa. Anaweka jembe chini, anakwenda. Maswali baadaye.

Gizani mle Yoramu alisikia sauti tano zikiwa kumi, kisha zikiwa nyingi mno.

"Miriam," alinong'ona kwenye kinasa sauti. "Nini hicho?"

"Wanakijiji. Wametoka mashambani."

"Waondoe! Patapigwa risasi hapa!"

"Nitamfukuzaje mtu msibani, Yoramu?"

Mwanamke mmoja alikuwa akilia karibu kabisa na mbao. Huyo hakuwa akiigiza. Alikuwa Mama Anna, aliyemzika mwanawe masika yaliyopita, na kila jeneza lililopita lilimrudisha kaburini kwake.

Mngurumo wa Fuso ulisikika kwenye kona.

Ukapungua.

"Pita! Pita haraka!" Hiyo ilikuwa sauti ya Lorenz.

"Maiti haipitwi, bwana."

Mlango ulifunguliwa. Nyayo zikaja.

"Mbukwenyi," Imran alisalimia kwa Kigogo, taratibu. "Poleni sana. Nipisheni na mimi."

Bega likaingia chini ya kichwa cha Yoramu. Akasikia harufu ya udi na grisi, harufu ya masomo yake yote.

"Nani ametutoka?" aliuliza Imran.

"Kijana wa hapa, baba," alijibu Miriam.

"Wazazi wake wako wapi?"

Mama Anna ndiye aliyejibu, katikati ya kilio. "Ni sisi sote."

"Inna lillahi wa inna ilaihi rajiun," alisema Imran, na sauti yake ilikatika. "Ee Mola, mpokee kijana huyu. Wape nguvu waliomzaa."

Yoramu aling'ata mdomo hadi akaonja damu. Alitamani kupiga kelele kwamba yu mzima. Jeneza likasogea hadi ubavuni mwa Fuso, upande wa abiria. Likashushwa ili wabebaji wapokezane.

Miriam aligonga ubao. Mara mbili.

Kifuniko kikaruka.

Lorenz alikuwa dirishani, bastola imeshatoka nusu. Alifyatua kwanza. Risasi ikapasua ubao. Yoramu akafyatua akiwa ameketi, na mkono wa mgeni ukaning'inia, bastola ikaanguka mchangani. Miriam akafungua mlango na kumvuta chini.

Watu walitawanyika wakipiga mayowe kwamba maiti amefufuka. Mama Anna alibaki amepiga magoti. Hakuguswa na risasi. Hakuna aliyeguswa, na hiyo ilikuwa bahati tu, wala si akili ya Yoramu.

"Kichuguu, mzigo umetulia. Waondoe walenga shabaha."

"Dereva?"

"Mzima."

Imran alisimama kando, kofia mkononi. Machozi yalikuwa hayajakauka kwenye ndevu zake.

"Shikamoo, Mwalimu."

Imran alimtazama. Akalitazama jeneza.

"Ungenipigia simu."

"Simu yako alikuwa nayo yeye. Magunia yale ni sumu, Mwalimu. Kongwa wangekuua." Yoramu alizungumza haraka, kama mtoto anayejitetea. "Nilijua utasimama. Ni wewe peke yako ungesimama."

"Ni kweli, ningesimama." Imran alivaa kofia. "Umeokoa watu, na mimi umeniokoa. Ahsante, sikatai. Lakini nilikuombea, Yoramu. Nilikulilia bila kukujua. Kuanzia leo nikiona jeneza njiani, nitajiuliza kwanza kama ni la kweli. Na hawa nao watajiuliza."

Alikwenda kwa Mama Anna, akamshika mkono na kumwinua, akimwomba radhi kwa kosa ambalo si lake.

"Nisamehe, Mwalimu," alisema Yoramu nyuma yake.

"Nimekusamehe. Ila siku yangu ikifika, usije kunibeba."

Hakusema kwa hasira. Afadhali angefoka.

"Shikamoo, Mwalimu," alisema Yoramu tena, kwa sauti ndogo.

Imran alikuwa akimpangusa Mama Anna vumbi kwenye khanga. Hakuitikia.

Yoramu alifuta Glock, akairudisha kiunoni. Akavaa miwani myeusi na kutembea hadi kwenye Hilux bila haraka, mabega yamenyooka, kama idara ilivyomfundisha. Wanakijiji walimpisha njia, wakimtazama kwa woga.

Alipokwisha kuivuka Mvumi, bado alikuwa analia.