Gunia Kwenye Matete

Kila Jumamosi Jelagat aliosha vyombo na kukunja nguo kabla mama yake, muuguzi, hajarudi kutoka zamu ya usiku. Jumamosi hii alizifanya kazi hizo mbio mbio. Watoto wa kanisa lao huko Marekani walikuwa wakienda kutazama ndege, na mahali pa kwenda alipachagua yeye.

"Twende kwenye kinamasi kando ya Mto Potomac," alimwambia Mwalimu Ezekiel. "Majira haya ya machipuko furukombe wamerudi. Wanavua samaki kwa kucha!"

Walipofika kwenye daraja la mbao lililokatiza matete, upepo uligeuka. Loo! Uvundo uliwaingia puani ukashuka hadi kooni. Kimutai alijiziba pua kwa fulana.

"Gross! Nitatapika!"

Kando ya daraja palikuwa na gunia la mchele lililoraruliwa na wanyama. Matumbo ya mbuzi yalikuwa yamemwagika, yameoza na kugeuka kijani, na mafunza yakifurukuta ndani yake. Utando wa mafuta ulitanda majini, na bata alikuwa akiogelea katikati ya uchafu ule. Ilikuwa kinyaa kitupu.

Jelagat alilitambua gunia, ambalo alikuwa amelisahau kabisa. Siku ya mandari ya Pasaka, iliyofanyika papa hapa, mama yake alimtuma akatupe matumbo yaliyobaki kwenye pipa kubwa karibu na magari. Pipa lilikuwa mbali. Aliyatupa hapa, akarudi akisema, "Nimeshatupa kwenye pipa, Mama."

Serah alinyoosha kidole. "Jelagat, si hiyo ni kitenge ya mum yako imefunga gunia?"

Watoto wote waligeuka. Mwalimu alikitazama kile kitenge chekundu, uso ukamkunjamana. "Kweli, ni chake. Sikutarajia hili kwa mama yako."

Jelagat angenyamaza, mambo yangeishia hapo. Lakini mama yake alikuwa nyumbani amelala, hana wa kumtetea. Jelagat alijichukia kuliko alivyouchukia ule uvundo.

"Si Mama, Mwalimu. Ni mimi. Alinituma kwenye pipa, nikaona mbali. Kisha nikamdanganya."

Mwalimu hakumgombeza. Alileta glavu na mifuko kutoka garini. Jelagat alizoa matumbo yale, akatapika, akazoa tena. Kimutai alimshikia mfuko huku amegeuza uso. Walipokuwa wakinawa mikono kwa sabuni, furukombe alijitupa majini, akaibuka na samaki. Watoto walishangilia, hata wale waliokuwa bado wameziba pua.

Nyumbani, Jelagat alimweleza mama yake kila kitu, kabla hajaambiwa na mtu mwingine.

"Njia ya mwongo ni fupi, mwanangu," Mama alisema. "Ulikwepa kutembea kidogo tu, ukaniacha mimi ninuke mbele ya watu. Ungenyamaza leo, ningeendelea kunuka bila hata kujua. Umefanya vyema kusema kweli."

Kisha alikunja pua. "Sasa nenda ukaoge. Jumamosi ijayo unipeleke nikawaone hao furukombe, na takataka zetu utazibeba wewe mpaka kwenye pipa."