Katungu Gani wa Bulengera?

Mimi naitwa Mathe. Niko fundi wa pikipiki pale Bulengera, Butembo. Bibi yangu ni Katungu. Mutoto wetu wa kwanza ni Bénie, ndiyo maana batu banatuita Papa Bénie na Mama Bénie. Nataka niwaambie vile kichwa yangu nguvu ilikaribia kutupotezesha mashini ya bibi yangu. Nasema mwenyewe, mbele jirani aseme.

Katungu anafuma. Alijifunza kwa masista miaka mitatu. Mashini yake ya kufuma iko ndefu kama meza ya kulia. Anafuma pull za masomo, zile sweta za banafunzi, kofia na soksi za batoto bachanga, na blanketi ndogo. Huku kwetu Butembo kuna baridi. Asubuhi, hata mutu mwenye kujifanya nguvu anatafuta pull.

Kila siku alikuwa anafungua duka saa moja. Bamama banatoka misa, banapita. Banafunzi banapita. Mumoja anasimama mulangoni, anaingia, anauliza bei, analalamika, anacheka, ananunua. Maisha ilikuwa inaenda.

Kisha bakaanza kutengeneza barabara. Bakachimba mufereji mukubwa mbele ya duka yetu. Kuvuka ilikuwa tu juu ya mbao mbili. Nani atavuka mbao mbili na mutoto mugongoni? Batu bakashika njia ya nyuma. Mwezi wa saba, hakuna mutu. Mwezi wa nane, wakati bazazi banatafuta pull za masomo, hakuna mutu.

Siku moja Katungu aliniambia:

—Papa Bénie, nimechoka kufukuza inzi. Mama Maliro wa Kanyabayonga anataka kununua mashini. Atakuja kuichukua siku ya posho, Jumamosi, ya juma lenye linakuja.

—Na wewe utafanya nini?

—Nitarudi shambani. Jembe haingojee batu bapite.

Alisema pole pole, huku anapanguza mashini na kitambaa. Roho iliniuma sana.

Jirani wetu Rébecca alisikia. Rébecca iko na chumba kidogo cha fotokopi na ordinateri, ile kompyuta. Akavuka mbao mbili, akakaa.

—Mama Bénie, mufereji ulifunga mulango wako, lakini haukufunga telefone ya batu, akasema. Hapa Butembo, mutu akiamuka, mbele ya kunawa uso, anaangalia Wasapu. Duka yako iingie mule.

—Mimi sijui ile mambo, Katungu akajibu.

—Nitakuonyesha. Tutafungua ukurasa kwa Fesibuku. Kisha tutatengeneza na site ndogo ya duka kwa intaneti.

Mimi nilicheka.

—Ukurasa, na site tena? Juu ya nini mbili?

—Papa Bénie, Fesibuku ni soko. Batu bako wengi, kila mutu anapiga kelele. Leo picha yako iko juu, kesho imeshuka chini. Site ni nyumba yako mwenyewe. Haihame. Mutu akifika anakuta bei, pahali na namba. Lakini lazima ifunguke muzuri kwa telefone. Hakuna mutu atatafuta ordinateri juu ya kununua kofia ya mutoto. Basi, maandiko iwe makubwa. Picha zisiwe nzito, juu zinakula mega za intaneti za batu. Na pa kubonyeza kwa kukuita, iwe pale mbele.

Rébecca alipiga picha mulangoni, pale kwenye mwangaza. Ansamble nyeupe na ya kijani: kofia, soksi, blanketi. Yesu Maria, ilikuwa muzuri! Akaniachia mimi kazi ya kuandika maneno, juu Katungu alikuwa anafuma zingine za kuonyesha.

—Papa Bénie, andika vitu vitano, akaniambia. Jina ya duka, kazi yenu, pahali, namba ya telefone, bei. Usisahau hata kimoja.

Sikusahau. Nilikataa. Namba? Aka! Bezi bataniita, banibie pesa. Bei? Bei inasemwa uso kwa uso, kama baba yangu alinifundisha. Pahali? Nani hajui bibi yangu? Basi nikaandika hivi: «Katungu wa Bulengera, mufumaji wa kwanza. Kila mutu anamujua. Kuya kwetu, tutapatana.»

Rébecca aliposoma alikunja uso. Mimi nikamwambia:

—Kitu kizuri kinajiuzisha!

Akaiweka vile nilitaka, na picha ilipendwa na batu mia mbili. Nilitembea kifua mbele mbele ya mafundi benzangu. Site nayo Rébecca aliifungua, na maneno ile ile yangu. Siku zikapita. Hakuna mutu alikuja. Hata mumoja.

Siku ya ine, Alhamisi, zilibaki siku mbili Mama Maliro afike, mutu akaandika chini ya picha. Katungu alisoma kwa sauti:

«Mimi ni Delphine. Nimetoka Beni mpaka Butembo na mimba ya miezi munane. Niliuliza Katungu wa Bulengera. Balinipeleka kwa Katungu wa makayabu, muuzaji wa samaki ya chumvi. Nilizunguka mpaka miguu ikavimba. Nimerudi Beni mikono mitupu. Hii duka ni ya uongo.»

Katungu hakunipigia kelele. Ingekuwa afazali anipigie kelele.

—Papa Bénie, akaniuliza, Bulengera iko na bakatungu ngapi?

Nikaanza kuhesabu. Ninyi munajua: kwetu Banande, jina inafuata namna mutoto amezaliwa nyuma ya bandugu yake. Karibu kila nyumba iko na Katungu wake. Dada yangu ni Katungu. Shangazi yangu ni Katungu. Jirani wa mukono wa kuume, Katungu. Nilifika kumi na moja, na hapo ni barabara yetu peke. Haya ilinishika mpaka masikio ikawaka.

Banasema kuuliza si ujinga. Huyu mama aliuliza, na sisi ndio tulimupotezesha.

Nikaenda kwa Rébecca mwenyewe, bila kutumwa.

—Nifute ile maneno ya Delphine? nikauliza.

—Hapana! Ukifuta, batu batasema kweli munajificha. Mujibu pale pale, batu bote baone. Omba musamaha. Umuelekeze.

—Na bezi?

—Chukua namba ingine, ya duka peke. Mwizi hatafute namba yako, anatafuta kode yako ya siri ya pesa. Ile usimupe mutu, hata akisema ni mukubwa wa nani. Na bei, andika. Mutu wa mbali akikosa kuona bei, anawaza munataka kumuchinja. Anapita kwa mwingine.

Mimi nikashika telefone. Safari hii niliandika kama mwanafunzi mbele ya mwalimu: «Tricot Mama Bénie. Tunafuma pull za masomo na nguo za batoto bachanga. Bulengera, Butembo, nyuma ya mufereji mupya, mulango wa rangi ya bleu, kando ya fotokopi ya Rébecca. Ansamble ya mutoto: dola kumi. Tunatuma na gari mpaka Beni.» Na namba. Rébecca akaweka maneno ile ile kwa site, na pa kubonyeza kwa kuita, kubwa, mbele kabisa.

Kisha nikamujibu Delphine: «Mama, kosa ni yangu mimi Mathe, bwana ya Katungu. Bibi yangu hana kosa. Niliandika vibaya kwa kiburi. Utusamehe. Pahali petu ni hapa.» Nikaweka anwani ya site chini yake.

Siku ya tano, Ijumaa, hakuna jibu. Katungu alikunja nyuzi zake zote ndani ya mufuko. Usiniulize vile nilikuwa.

Siku ya posho, saa mbili, Mama Maliro akafika na mutu wa pikipiki. Ni mama mukubwa, wa sauti, mwenye kucheka. Hakuwa na kosa yoyote. Tukavusha mashini juu ya zile mbao, tukaiweka juu ya pikipiki. Nilifunga kamba mimi mwenyewe; pesa tungehesabu kisha. Katungu alisimama mulangoni, anaangalia pembeni.

Hapo telefone ya duka ikalia. Ilikuwa mara ya kwanza.

—Allô? Ni kwa Tricot Mama Bénie? Ni mimi Delphine wa Beni.

Nikaweka sauti juu, bote basikie.

—Nimesoma jibu yako, Papa, akasema. Mwanaume kukubali kosa mbele ya batu bote? Nikasema acha nione. Nimebonyeza, site imefunguka mbio, hata na réseau ya telefone yetu, mubaya vile iko leo. Nimeona bei, nimeona mulango wa bleu. Musikilize: niko ndani ya kundi la bamama ba parokia. Tunavalisha batoto benye banazaliwa hospitalini, kwa maternité, na hawana nguo. Tunataka ansamble makumi tatu kwa juma tatu. Mutaweza?

Nikaangalia Katungu. Katungu akaangalia mashini, juu ya pikipiki.

—Tutaweza, akasema. Kisha akanigeukia: Papa Bénie, fungua kamba!

Nilifungua mbio kuliko vile nilifunga.

—Eh! Mama Maliro akapiga kelele. Na mimi nimetoka Kanyabayonga bure?

—Mama Maliro, unajua kufuma na sindano? Katungu akauliza.

—Tangu utoto.

—Makumi tatu ni nyingi kwangu peke. Ukae hapa juma tatu. Mimi kofia na blanketi, wewe soksi. Tutagawana.

Mama Maliro akashika kiuno, akaangalia mufereji, akaangalia mashini, akaangusha kicheko.

—Basi munipe chai kwanza. Soksi makumi sita haifumwe na njaa!

Balifuma juma tatu, banaimba, banabishana juu ya rangi. Mimi nilikuwa najibu telefone. Kila jioni nilipiga picha ya kazi ya siku, naiweka kwa ukurasa, na bei yake. Mutu akiuliza, najibu siku ile ile, hata kama ni kumwambia «hakuna». Mama mumoja wa Lubero akaita, anataka pull ine za masomo. Kisha mwalimu wa Oicha. Mufereji ungali pale, na mbao zake mbili.

Koli, ule muzigo wa Beni, ilienda na gari. Nyuma ya siku tano, Delphine akatuma picha kwa Wasapu. Bamama kwa mustari, kila mumoja na mutoto mukononi, kila mutoto na kofia. Delphine naye katikati, na wake mwenye siku mbili.

Katungu alinyanganya telefone mukononi mwangu. Akakaa chini. Akaangalia kofia moja moja, pole pole. Machozi ikamutoka, na mimi sikumucheka. Nilikuwa na furaha sana, mimi Mathe!

Mara akasogeza telefone karibu na macho.

—Ona hii ya kijani, ya mutoto wa mwisho. Nilikosea mustari wa pili.

—Nani ataona?

—Mimi naona, akasema, huku anapanguza macho na kucheka. Delphine akikubali, weka picha kwa site. Yote, hata na ile yenye nilikosea. Iko inamupa mutoto joto.