Pete Iliyopotea Siku ya Kuondoka

Pete ilikuwa imeibwa, na mwenye pete ndiye aliyekuwa mtulivu kuliko wote chumbani.

Alikuwa bibi mwembamba, amekula chumvi nyingi, amekaa kwenye kiti cha ngozi akitazama bahari kupitia kioo kilichochukua ukuta mzima. Mumewe alisimama nyuma yake, ameshika mgongo wa kiti. Meneja wa hoteli, na suti yake iliyomkaa sawasawa, alizunguka chumba kama kuku anayetafuta pa kutagia.

"Afande, hapa hakijawahi kuibwa hata kijiko," alimwambia Inspekta. "Watu wanatoka mbali kuja kupiga picha jengo letu. Tafadhali, hili liishe mapema."

"Nani aligundua wizi?" Inspekta aliuliza.

"Mimi," mzee alijibu haraka. "Tulishuka kunywa chai. Kurudi, pete ya mke wangu haipo. Ilikuwa hapo." Alionyesha meza ndogo kando ya kitanda.

"Pete ya dhahabu?"

"Ya thamani."

"Nimeuliza kama ni ya dhahabu, mzee wangu."

"Thamani yake haisemeki," mzee alisema.

Inspekta, mwanamke wa makamo mwenye viatu vya kutembelea, aliitazama ile meza. Saa ya mkononi ya dhahabu ilikuwa imelala pale pale, inameta. Mwizi gani huyu anayechagua kama bibi harusi?

"Mlikuwa mnaondoka leo?"

"Saa sita," meneja alidakia. "Watoto wao wako chini wanawasubiri. Lakini utaratibu wetu nawaambia wageni wote siku wanapofika: kitu cha mgeni kikipotea, hakuna wa chumba hicho anayeondoka mpaka kipatikane."

Mzee alishusha pumzi. Ilikuwa pumzi ya mtu aliyetua mzigo, na Inspekta aliiweka akiba.

Kwa desturi ya kazi, mashahidi huhojiwa mmoja mmoja, wasije wakapikiana maneno. Akamwambia konstebo wake ampeleke mzee chumba cha pili.

Mzee hakuachia kiti. "Kwa muda gani?"

"Muda mfupi tu."

"Mfupi kiasi gani, mwanangu?"

Bibi aligeuka, akampapasa mkono. "Nenda tu. Utanikuta."

Alikwenda, lakini mlangoni aligeuka kumtazama mkewe, na kule korido akageuka tena. Inspekta alikuwa amewahi kuwapeleka watu rumande wakaondoka wepesi kuliko huyu.

"Bibi," alianza, "pete ulivua lini?"

"Asubuhi, naoga."

"Huwa unaivua ukioga?"

"Huwa... leo nimeivua."

"Naomba mkono wako."

Ulikuwa mkono wa kazi, viungo vimevimba. Kwenye kidole cha pete palikuwa na alama ya ndani sana, ngozi yake imepauka. Juu ya alama hiyo kifundo kilikuwa kinene, kimechubuka upya. Kilinukia sabuni.

"Pete hii haikutoka kirahisi."

"Haijatoka tangu nimzae kifungua mimba wangu," bibi alisema, kisha akang'amua kwamba ulimi umemponyoka. Akarudisha macho baharini. "Afande, umeolewa?"

"Nimeolewa."

"Mnaishi nyumba moja?"

"Sasa nitaishi naye wapi tena?"

"Vizuri," bibi alisema taratibu.

Nje, kwenye korido, mhudumu wa vyumba alikuwa analia na shuka mikononi. Meneja alimsimamia kichwani.

"Ufunguo alikuwa nao yeye peke yake, Afande. Mtie pingu."

"Mwache aseme kwanza. Dada, uliona pete humu?"

"Sikuona pete. Nimetandika, nimebadilisha taulo, nimeweka sabuni mpya, basi."

"Ya jana imekwenda wapi?"

"Haikuwepo. Wageni hubeba sabuni, wala si kosa. Ila wengi hubeba iliyofungwa. Hawa wameacha iliyofungwa, wamechukua iliyotumika."

Inspekta alimsogelea sikioni. "Futa machozi. Nikikuita usiogope, hakuna atakayekugusa." Kisha akaagiza watoto wa wale wazee wapande juu, upekuzi ufanyike mbele yao.

Walikuja wawili: kaka aliyeanza kuota kitambi, na dada yake mwenye funguo za gari mkononi. Mlangoni palikuwa na masanduku mawili mapya.

"Hili la mama linakuja kwangu," dada alieleza. "Lile la baba linakwenda kwa kaka."

"Kwani hawakai pamoja?"

Walitazamana. Kaka ndiye aliyejibu. "Nyumba yao imechoka, Afande. Paa linavuja, ngazi zinawashinda. Dada ana chumba kimoja cha ziada chenye kitanda kidogo, na mimi vivyo hivyo. Kwa hiyo tukagawana." Neno lilimtoka, akatamani kulirudisha. "Yaani, tukasaidiana."

"Mnakaa jirani?"

"Ni safari ya siku nzima," dada alisema kwa sauti ya chini. "Ndiyo maana tukawaleta hapa kwanza. Baba alikuwa fundi zege wakati hoteli inajengwa, na mama alikuwa anawapikia mafundi chai. Ndipo walipoonana. Hawakuwahi kulala humu hata siku moja, tukasema waagane vizuri."

Inspekta alifungua sanduku la bibi. Katikati ya magauni yaliyopangwa vizuri kulikuwa na sweta la kiume, viwiko vimetiwa viraka. Akafungua la mzee. Ndani ya shati moja, kimekunjwa kidogo kabisa, kulikuwa na kitambaa cha kichwa cha mwanamke.

"Nilipanga mwenyewe jana," dada alisema, ameshika sweta. "Hivi havikuwemo."

Inspekta alikikunja kile kitambaa kama kilivyokuwa, akakirudisha ndani ya shati. Akatoka roshani kupunga upepo.

Jengo lile halikuwa na rangi wala plasta. Lilikuwa zege tupu, na alama za mbao zilizolishikilia lilipokuwa bichi zilionekana bado, mistari ya mti juu ya jiwe. Kwenye ukuta wa roshani kulikuwa na vishimo vya duara vilivyopangwa safu kwa safu, mahali vilipopita vyuma vya kubana mbao hizo. Vyote vilikuwa vyeusi. Kimoja, pembeni, usawa wa kifua cha mzee, kilikuwa cheupe.

Alikigusa kwa ukucha, akaunusa. Sabuni, tena imesawazishwa na ukuta kwa mkono wa mtu anayejua kuziba tundu.

Hakuichokonoa. Alirudi ndani, akaamuru mzee arudishwe na mhudumu aitwe. Mzee alipoingia alikwenda moja kwa moja nyuma ya kiti cha mkewe.

"Nimemaliza," Inspekta alisema kwa sauti kavu. "Mwenye ufunguo ni mmoja. Konstebo, huyu dada tunakwenda naye kituoni."

"Na akirudi, kazi hana," meneja aliongeza.

Mzee alijikaza kisabuni. Alitazama sakafu, akatazama bahari, kisha akamtazama yule mhudumu aliyesimama na shuka zake, na hapo akashindwa.

"Mwacheni mtoto wa watu," alisema. "Pete nimechukua mimi."

"Mtu haibi pete ya mkewe, mzee wangu."

"Basi nimeificha. Iko ukutani, na nadhani umeshaiona."

"Nimeiona. Sijaelewa kwa nini."

"Siku ya kwanza meneja alituambia kitu kikipotea hakuna anayeondoka mpaka kipatikane." Mzee alimeza mate. "Nikaona hiyo sheria nzuri."

Meneja alifungua mdomo. "Mlitaka kuendelea kukaa hotelini?"

"Hoteli naijua, nimeimwaga kwa mikono yangu. Hata kwenye banda la vifaa ningelala. Nilitaka siku moja zaidi na huyu."

"Na mimi niandike," bibi alisema, amenyoosha mgongo. "Vidole vyake siku hizi ni vigumu. Sabuni nimeilainisha mimi, na kidole ni changu. Hakunilazimisha mtu."

"Mama!" Dada alipiga magoti mbele ya kiti. "Mbona hamkusema?"

"Tungesemaje, mwanangu? Mlikuwa mmeshanunua vitanda. Mmepanga kwa upendo, kila kitu mahali pake. Tukaona tukikataa mtasema hatuna shukrani."

"Mimi nilidhani mtapumzika," kaka alisema, amekaa kwenye ukingo wa kitanda. "Kumbe tumewagawana kama viti." Akajifuta uso kwa kiganja.

Mzee alikwenda roshani na kijiko cha chai. Alirudi na pete, akaifuta kwenye suruali yake. Ilikuwa nyembamba, ya rangi ya udongo mwekundu.

"Shaba?" meneja alishangaa. "Nimeita polisi kwa pete ya shaba?"

"Bomba la bafu lililo nyuma yako," mzee alisema. "Fundi bomba alikata, kikabaki kipande. Nikakisugua kwa msasa mpaka kikawa pete. Ruhusa sikuomba. Afande, kama unatafuta wizi wa kweli, ni huo tu."

Konstebo aligeukia ukuta, mabega yanamtikisika. Meneja alikohoa, akarekebisha tai. "Hoteli haina malalamiko," alisema. Akamgeukia mhudumu, na kidogo akawa binadamu. "Samahani, dada. Nilikuonea."

"Na mimi naomba radhi kwako, binti," mzee alimwambia. "Sikufikiri kwamba angetafutwa mtu."

Inspekta alivuta kiti, akakaa karibu na wale ndugu wawili.

"Kudanganya polisi ni kosa, na wazazi wenu wote wawili wamelikiri. Nikiwahitaji tena nitawahoji pamoja; nimejaribu kuwatenganisha leo, na nimeona walivyohangaika. Sasa nahitaji kujua watapatikana wapi. Nataka nyumba moja. Siwezi kufukuzana na watu wawili kwenye miji miwili."

Alisema kama mtu anayesoma sheria. Sheria hiyo haikuwepo popote.

Kaka alimtazama dada yake. "Kwangu, tukitoa kile kitanda kidogo, kikubwa kinaingia."

"Nami nikija likizo nitalala sebuleni," dada alisema, anacheka huku anafuta machozi. "Kile kidogo tutawapa watoto."

Hakuna aliyewauliza wazazi. Inspekta alitaka kuwakumbusha, lakini dada alikumbuka mwenyewe. "Mama, baba, mnaonaje?"

"Tunaona vizuri," wazee walijibu kwa pamoja.

Mzee aliinama, akajaribu kumvisha mkewe pete. Ilifika kwenye kifundo, ikagoma. Akajaribu tena. Bibi akauma mdomo.

Mhudumu aliweka shuka chini, akaingia bafuni, akatoka na sabuni mpya na maji kwenye bilauri. Mzee akapaka polepole, akasukuma, na pete ikapita ikakaa kwenye alama yake.

"Sasa hiyo haitoki tena," bibi alimwambia.

"Haitoki," mzee alisema, akaendelea kumshika mkono uliojaa povu.