Fungu la Mwenye Msitu

Mwenye nyumba waliyopanga Lidcombe, Australia, alikuwa amekataza mbwa kwa maandishi, na Mélanie mwenyewe hakuwahi kutamani mbwa maishani mwake. Hata hivyo Jumanne ile, alipoingia saa mbili na nusu asubuhi kutoka shifti ya usiku katika nyumba ya wazee, sebule ilinuka mbwa aliyelowa mvua. Akafungua madirisha, akapiga deki, akalala. Mtu aliyegeuza wazee kumi na wanane kitandani usiku kucha hana nguvu za kuchunguza harufu.

Saa sita mchana akaamshwa na kucha. Kitu kilitembea juu ya vigae vya korido, taratibu, kikasimama mbele ya chumba cha Nella, binti yake wa miaka tisa, ambaye saa hiyo alikuwa shuleni. Kikanusa chini ya mlango kwa pumzi ndefu. Mélanie alipopata moyo wa kutoka hakukuta kitu ila vigae vyenye majimaji. Akavifuta, maana nani mwingine angevifuta.

Mumewe, Juvénal, alisema ni uchovu. Lakini alisema akitazama pembeni, na mke wa miaka kumi na mbili huona mambo kama hayo.

Juvénal alikuwa na leseni ya kuwinda kulungu. Akipata wikendi huru, alikwenda na Patrick, Mwaustralia aliyefanya naye kazi ghalani, hadi msitu mmoja wa serikali, mwendo wa saa nne kwa gari, nyuma ya milima. Miaka miwili sasa wawindaji wa huko walikuwa wanalia. Mbwa mwitu wa msitu ule wamekuwa wakubwa kupita kiasi, mgongo unafika kiunoni mwa mtu mzima, na kulungu ama wamehama ama wameliwa. Wataalamu walisema ni dingo, mbwa mwitu wa asili wa Australia, waliochanganyika na mbwa wa mashambani. Patrick hakubishana na wataalamu, ila kila alipoua kulungu alimpasua palepale, akaacha matumbo yote chini ya mti, akaondoka bila kugeuka. Wawindaji wa zamani wa pale wote walifanya hivyo.

Safari ya mwisho, wikendi ya kabla ya Jumanne ile, walipata kulungu mmoja tu kwa siku mbili, na risasi ilikuwa ya Juvénal. Patrick akamwambia matumbo ayaache, yana wenyewe. Juvénal akaona ni kinyaa cha Wazungu. Yeye alikulia katika kambi ya wakimbizi Tanzania, ambako watu wazima waligombea utumbo wa mbuzi, na leo amwage ndoo nzima ya nyama nzuri? Akayaosha kijitoni, akaja nayo, Jumapili jioni akayapika kwa ndizi, akala na Nella mpaka sufuria ikawa nyeupe. Mélanie alikuwa kazini. Asubuhi alikuta sufuria imeoshwa, akanuna kwa kutobakiziwa.

Wiki ya pili Nella akaanza kukonda. Alikula sahani mbilimbili na bado sketi ikamdondoka. Hospitali walipima damu, wakapima choo, wakapiga picha, wakasema hawaoni kitu, wakatoa tarehe nyingine. Mélanie akaacha shifti mbili ili akae naye, na ndipo alipoyaona mwenyewe: mchana mweupe, jua dirishani, mtoto amelala ubavuni pake, harufu ya manyoya mabichi na udongo wa msituni ikaingia, kucha zikaja zikiipita sebule na korido na mlango ambao alikuwa na hakika ameufunga, godoro likabonyea miguuni kana kwamba mtu mzito ameketi, na shuka juu ya tumbo la Nella ikaanza kupanda na kushuka, kupanda na kushuka, kwa pumzi isiyokuwa ya mtoto, na mama mtu aliyelala kando hakuweza kuinua hata kidole.

"It only smells my tummy, Mama," Nella akanong'ona. "Every day."

Yaani kila siku kilikuja kumnusa tumbo, na mtoto alikuwa anajua siku zote, akanyamaza kwa sababu wazazi wake walikuwa wamechoka. Hilo lilimuuma Mélanie kuliko woga.

Jumamosi wakamwita mzee Nduwimana wa kanisani, na Juvénal akamweleza kwamba aliyaleta matumbo ya kulungu nyumbani. Aliomba saa nzima, ameweka mkono kichwani mwa Nella. Kisha akamvuta Mélanie nje, karibu na mapipa ya taka.

"Nimeomba kama mzee wa kanisa," alisema kwa sauti ya chini. "Sasa nakuambia kama mtoto wa mwindaji. Baba yangu hakubeba matumbo kutoka porini hata siku moja. Lile ni fungu la mwenye msitu. Hilo jini halikuja kuwaua. Limefuata chakula chake."

"Kimeshaliwa, mzee."

"Na nani?"

Mélanie akamwambia. Mzee akasema warudishe kitu, chochote, na wasichelewe.

Walinunua ndoo ya matumbo ya mbuzi Auburn, mtaa wa jirani, wakaelekea msituni na Nella kiti cha nyuma. Saa kumi alasiri Juvénal akaiweka ndoo chini ya mti uleule alipompasulia kulungu, akarudi garini. Hawakungoja sana. Mbwa akatoka kati ya miti, mkubwa kama ndama, macho yake ya mtu aliyepanga foleni tangu asubuhi. Akainusa ndoo. Akaiacha. Akaja mpaka dirisha la Nella, na kioo kikafunga ukungu kwa nje.

"Ulikula vijiko vingapi, mama?" Juvénal akamuuliza binti yake.

"Two spoons."

Vijiko viwili tu. Juvénal akafungua mkanda wa kiti. "Basi matumbo mengine yote ninayo mimi," akamwambia Mélanie. "Mrudishe mtoto nyumbani, Mama Nella."

Alishuka polepole, na mbwa akaliacha dirisha, akamfuata nyuma kwa utulivu mpaka walipoingia mitini wote wawili. Nella akalia, akashika mlango ili amkimbilie baba yake. Mélanie alimpenda mume wake. Akabonyeza kitufe, milango yote minne ikajifunga, akawasha gari.

Kabla ya kufika barabara kuu Nella alikuwa amelala, usingizi wa kweli wa kwanza baada ya wiki tatu. Mama yake alilia njia nzima, wala hakupunguza mwendo.