Alarm Iliyolia Lukenya

Saa kumi na mbili na nusu jioni, gari lilinizimikia hatua kumi kutoka geti la gereji, hapa Mumbuni. Alarm ikaanza. Wiu-wiu-wiu! Nikabonyeza rimoti, ikanyamaza. Nikageuza ufunguo...

Kimya. Immobiliser, ile ya kuzuia wizi, imekata moto. Tena.

Lilikuwa gari la mjomba wangu, Mzee Wathome wa Masii. Alinipa bure, wiki mbili baada ya kumzika mkewe. Mtu akikupa gari bure, uliza maswali. Mimi sikuuliza. Miaka minne na degree ya Economics, nikitembea na bahasha kwapani, hatimaye kampuni moja ya Athi River ilinikubali niwe salesman. On condition: uje na gari lako. Kesho saa mbili asubuhi. Usipofika nalo, kazi inaenda kwa mtoto wa mkubwa fulani.

Fundi wa waya, Nzuki, alikuwa ndio anafunga gereji. Wenzake walishaenda.

"Professor! Na degree yote hiyo bado unasukuma?"

"Sukuma nyuma, wacha mdomo."

Tukaliingiza ndani. Akajipenyeza chini ya dashboard, tochi mdomoni.

"Hii iko na sensor ya ndani," akasema. "Ukifunga milango, halafu kitu itembee ndani, inalia na inakata moto. Labda ni nzi. Hebu tufunge, tusimame mbali."

Tukafunga. Tukaegemea ukuta. Hakukuwa na upepo.

Wiu-wiu-wiu!

Nzuki akacheka. Akafungua mlango wa dereva, akainama juu ya viti vya mbele na tochi, akamulika kila kona. Hakuna nzi. Hakuna panya. Harufu tu... ya katani mbichi, kama ya mama anayesuka kiondo.

Tukafunga tena.

Wiu-wiu-wiu!

Safari hii nilimulika kioo cha nyuma kwa simu. Kilikuwa na ukungu. Kwa ndani. Na katikati ya ukungu, alama ya kiganja.

Nzuki hakucheka.

"Sensor ni nzima," akanong'ona. "Inafanya kazi yake." Akachukua koti.

"Nzuki, kesho niko na kazi!"

"Na mimi niko na watoto, bwana."

Nikabaki peke yangu. Nimpigie nani? Classmates wangu wenye kazi waliacha kushika simu zangu kitambo. Nikapiga Masii.

"Mjomba, hii gari yako..."

"Inalia?"

"Inalia."

Nikasikia akivuta kiti, akiketi.

"Auntie yako Wanza hakufia hospitali vile tuliwaambia. Radiator ilichemka tukiwa Lukenya. Alikuwa mgonjwa, amelala kiti ya nyuma na kiondo alikuwa anasuka. Nikafunga milango zote, wezi ni wengi huko. Nikaenda kutafuta maji kwa watu wa kuchimba mawe." Nilimsikia akivuta pumzi. "Hiyo alarm ilikuwa inalia ovyo kila siku. Nikaisikia kutoka huko kwa mawe. Nikasema ni ujinga yake tu. Ikalia... ikalia... ikanyamaza. Nikashukuru."

"Mjomba..."

"Milango za nyuma hazifungukangi kutoka ndani, kijana yangu. Tangu tumtoe, sijazigusa. Nilishindwa. Mfungulie wewe."

Simu ikakatika.

Mtu mwenye akili angekimbia. Lakini kukimbia ni kwa mtu aliye na mahali pa kwenda. Mimi nilikuwa na kesho saa mbili, basi. Nikashika mlango wa nyuma. Chuma baridi. Nikaufungua.

"Shuka, auntie," nikanong'ona. "Pole."

Hakuna mtu.

Springi za kiti zikalia... zikainuka.

Harufu ya katani ikanipita usoni, polepole, kama mtu mgonjwa anayetembea. Nikaingia, nikageuza ufunguo. Gari likawaka mara moja.

Kazi nilipata. Gari halijalia tena, hata siku moja.

Lakini nakaa single room. Mlango ni mmoja, na niko peke yangu. Hapa Mumbuni lazima ufunge. Nikitia komeo tu, nizime taa, kitasa kinaanza kutikisika. Kidogo kidogo. Kwa mkono usio na nguvu.

Kutoka ndani.

Siku hizi nalala mlango ukiwa wazi. Wezi wakitaka, waje.