Mafuta ya Karanga Katika Redio ya Baba

Kila jioni, baada ya kufunga majani ya tumbaku na kusugua mikono mpaka utomvu utoke, Apolinaria alitoa redio ya baba ndani na kuiweka uani juu ya kinu kilichopinduliwa. Mama alikuwa ameishonea redio ile kitambaa cha maua, utadhani bibi harusi. Baba yake, Tobias, aliifungua saa ya matangazo ya vifo, na nyumba nzima ikanyamaza.

Watu wengi wa kijiji chao cha ujamaa, nje ya Urambo, walikuwa wametoka kwingine na kuacha ndugu mbali. Simu hazikuwapo, na barua ilichukua wiki mbili. Mtu akifariki, jina lake lilisomwa redioni, na ndugu zake wakatajwa mmoja mmoja popote walipo. Redio kijijini zilikuwa mbili tu, ya Tobias na ya katibu wa kijiji. Tobias alikuwa na dada mmoja, Katarina, aliyeolewa Kigoma. Ndiye aliyemlea tangu mama yao alipokufa.

"Nasikiliza ili nijue kwamba hajatajwa," Tobias alizoea kusema, kisha akafunga redio na kwenda kula kwa moyo mweupe.

Redio ile ilikuwa na ugonjwa mmoja. Kila baba alipozungusha volumu, kile kifundo cha kuongeza na kupunguza sauti, ilikwaruza kama mahindi yanayokaangwa. Apolinaria, mwanafunzi wa darasa la sita mwenye mikono isiyotulia, aliwahi kumwona fundi Hilali wa Urambo akiifungua redio ya namna hiyo na kudondoshea volumu matone kutoka kwenye kichupa. Kumbe ni mafuta tu, aliwaza. Hata baba huupaka mafuta mnyororo wa baiskeli ukilia.

Ijumaa mchana, wazazi wakiwa kwenye bani, banda la kukaushia tumbaku, aliifungua redio kwa ncha ya kisu.

"Umemwomba nani ruhusa?" akauliza Yoramu, mdogo wake.

"Nyamaza wewe. Baba atafurahi mwenyewe."

Akadondosha mafuta ya karanga, tena kwa ukarimu. Alipoiwasha, redio ilinong'ona kidogo, kisha ikawa kimya. Akairudishia kitambaa chake cha maua, akaapa kwamba baba akija atamwambia.

Baba alikuja amechoka, akazungusha volumu huku na huku. "Leo ina nini hii?"

"Betri zimekwisha, baba."

Maneno yalimtoka kabla hajayafikiri. Yoramu akatazama miguu yake.

Baba aliamini. Duka la kijiji halikuwa na betri, kwa hiyo Jumamosi asubuhi alizianika juu ya paa, kama watu walivyofanya na betri za tochi, zipate nguvu kidogo kwa jua. Jioni redio ikawa kimya. Jumapili akazianika tena, na Jumatatu tena. Kila asubuhi Apolinaria aliziona betri zile zimepangwa juani bila kosa lolote, akapita bila kusema ukweli.

Alhamisi, Nikolaus, katibu wa kijiji, alirudi kutoka mkutanoni Tabora. Alipomwona Tobias mlangoni, alishuka kwenye baiskeli haraka.

"Ndugu Tobias! Bado uko hapa?"

"Niende wapi, ndugu katibu?"

Nikolaus akavua kofia. "Hukusikia? Dada yako Katarina ametutoka. Walitangaza Jumatatu jioni, wakakutaja jina na kijiji. Walisema mazishi ni Jumanne alasiri. Redio yangu nilikuwa nayo Tabora, nikajua wewe umesikia na umepanda treni ya usiku uleule."

Tobias akaketi chini, pale pale kwenye vumbi. Mama akapiga ukelele, na majirani wakaanza kuja. Baba hakulia. Baada ya muda alinyanyuka, akazishusha betri kutoka paani, akazishika mikononi.

"Mzembe ni mimi," akawaambia watu. "Mwezi uliopita nilikwenda Urambo kununua betri. Nikaona sare ya mwanangu imechanika, nikamnunulia sare. Nikasema betri zitangoja."

Apolinaria alikuwa ameivaa sare hiyo. Akapita katikati ya watu, akapiga magoti.

"Baba, betri ni nzima. Mimi niliifungua redio nikaitia mafuta. Nikaogopa kusema."

Baba alimtazama, wala hakuinua mkono.

"Ipeleke kwa Mzee Hilali," alisema. "Umweleze wewe mwenyewe, kwa mdomo wako." Akavaa koti, akaenda stesheni kungoja treni ya Kigoma.

Jumamosi Apolinaria na mama yake walikwenda Urambo.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Inaumwa nini?"

Akaeleza yote. Mzee Hilali akaitoa volumu, akamwonyesha ndani. Palikuwa na utepe mweusi wa kaboni, uliopinda kama kwato, na kiguu chembamba cha chuma kilichotembea juu yake.

"Umeme unapita kwenye utepe huu," alisema. "Kiguu kikisogea huku, njia inakuwa ndefu, sauti inashuka. Kikisogea kule, inapanda. Mafuta yako yameshikana na vumbi lililokuwamo, kiguu hakiugusi tena utepe. Mimi hutumia spiriti, inasafisha kisha inakauka."

Akasafisha, akarudisha, akawasha. Sauti ikajaa dukani, safi, bila kukwaruza.

"Imekwisha?" Apolinaria akauliza.

"Imekwisha. Hii ni kazi ya robo saa."

Apolinaria akalia hapo hapo dukani, mbele ya wateja, mpaka mama akamtoa nje.

Baba alirudi baada ya wiki moja, mfukoni ana rozari ya dada yake. Jioni hiyo alimwita Apolinaria uani.

"Waliningoja," alisema, na sasa sauti yake ilikatika. "Shemeji alimtuma mtoto stesheni mara mbili. Walimzika jua likizama, bado wanatazama njia." Akafuta macho. "Kuharibu redio ni kosa la mtoto anayejifunza, nilikwisha kusamehe. Lakini ulikuwa na Ijumaa, na Jumamosi, na Jumapili. Siku yoyote ungeniambia, Mzee Hilali angemaliza kwa robo saa, nami ningemzika dada yangu. Ukikosea, mwanangu, sema siku hiyo hiyo. Kosa ulilolificha hujui litamwangukia nani."

"Ndiyo, baba."

"Haya, fungua redio."

Apolinaria akazungusha volumu. Mtangazaji alikuwa ameanza kusoma majina ya marehemu, watu wa mbali wasiowajua, na ndugu zao waliotakiwa kusikia.

"Ongeza kidogo," baba akasema.

Akaongeza, akakaa kando yake, akasikiliza mpaka jina la mwisho.